Skana Iliyokataa Kuonekana

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Skana imefika! Nyeupe, ndani ya katoni, kutoka ofisi kuu ya Lubumbashi. Papa Néhémie, mkubwa wetu hapa kwenye kamati ya nyumba za wastaafu wa bandari, akauliza nani anazijua mashini hizi. Domitille, anayepanga mafaili, alifungua kinywa. Nikamtangulia. Nikasema nimezitumia miaka mitatu Kabalo. Kabalo nimekaa siku mbili, nikingoja treni.

Sasa mimi ndiye mkuu wa skana. Hati arobaini za wajane lazima zifike Lubumbashi kwa email kabla ya Ijumaa saa sita. Mjane ambaye hati ya kazi ya mumewe haikufika anatolewa nyumbani. Orodha ya majina yao imebandikwa mlangoni. Watu wanaisoma, wanaondoka.

Nimechomeka kable. Taa ya kijani ikawaka. Kompyuta ikaandika kwamba haioni kifaa chochote. Kiko mbele yake! Nimeigeuza skana, zitazamane. Bado.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Ziwa limeingia tena barabara ya chini, nimefika biro ya kamati suruali imelowa hadi magotini.

Nimechomoa na kuchomeka mara kumi na nne. Nimezima kompyuta, nimewasha. Nimeipangusa skana kwa shati langu. Katika katoni kumbe kulikuwa na sidii ya kuifundisha kompyuta kuitambua skana. Kompyuta yetu haina mahali pa kuitia sidii. Nimeificha kwenye droo. Asiyeiona hataniuliza.

Domitille amependekeza tusome kijitabu cha maelezo. Nikamwambia maelezo ni ya wanaoanza kazi. Akakirudisha kijitabu kwenye katoni, taratibu. Upole wake huo unaniudhi kuliko matusi.

Papa Néhémie alipouliza, nikasema mashini bado imechoka na safari. Aliniangalia muda mrefu. Ana uso wa huzuni siku zote, lakini leo huzuni ile ilinielekea mimi.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Wazo! Simu yangu ina kamera. Nimefunga mlango, nimepiga picha hati thelathini na tisa zilizokwisha kufika, moja moja, juu ya meza. Nimeziita Skani 1, Skani 2, hadi mwisho. Nimezituma. Nikakaa nimekunja mikono kama mkurugenzi.

Saa tisa Lubumbashi wakajibu. Wanauliza ni cha nani kidole gumba kilichofunika namba ya kazi kwenye kila hati. Wamezikataa zote.

Nikasema mbele ya wote kwamba huenda ni kasoro ya skana. Domitille akatazama gumba langu. Lina kovu. Kovu linaonekana vizuri sana kwenye picha. Kamera nzuri ile.

Alhamisi, tarehe 11 Aprili

Hati ya arobaini imekuja na mwenyewe. Mama Pascaline, mjane wa fundi wa kreni. Alikwenda kuitafuta kwa shemeji yake Kabalo. Siku tatu kwenye treni ya kurudi, karatasi ndani ya sashe ya plastiki, sashe ndani ya kitenge. Kopi hakuna.

Hakuitoa mara moja. Alisema: "Papa Barthélemy, hii mashini unaijua kweli? Sababu mie sina nyumba ingine."

Nikamjibu: "Mama, tulia. Iko mu mikono ya muntu anayejua."

Nilidhani skana ikishika karatasi, kompyuta itaamka. Nikaisukuma hati mdomoni mwa skana. Ikameza nusu, ikasimama. Nikavuta. Ile sauti sitaki kuiandika.

Vipande viwili. Muhuri huku, jina la marehemu kule. Mama Pascaline hakulia. Alichukua kipande chenye jina, akakaa nacho kwenye benchi. Mimi nikatoka uani, nikasimama mvuani kama mtu mwenye shughuli huko.

Niliporudi, Domitille alikuwa amefungua kijitabu. Alikuwa ametumia internet ya simu ya Papa Néhémie kushusha programu, ile ile iliyo kwenye sidii. Dakika ishirini! Kompyuta ikaandika: kifaa kimepatikana. Akaunga vipande kwa skochi, ule utepe wa kunata, kwa nyuma, akaviweka ndani ya plastiki inayoonyesha ndani, akavipitisha polepole. Jina, muhuri, namba. Vyote vikatokea. Mama Pascaline alimshika Domitille mkono, hakuuachia.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Saa tano hati zote arobaini zilikuwa zimekwenda. Lubumbashi wamezipokea. Hakuna anayetolewa nyumbani. Uani wajane waliimba, nami nikasikiliza nikiwa nyuma ya mlango.

Skana amepewa Domitille. Mimi nimewekwa kwenye kitabu cha wageni. Leo hakuja mgeni hata mmoja. Nimekula mkate wangu peke yangu na kufikiri sana. Nimeona kosa lilipokuwa: unyevu.

Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Mama Pascaline amepita kwangu mchana, matope hadi kwenye kitenge. Si mimi aliyemtaka. Alikuwa anatafuta nyumba ya Domitille. Skochi inabanduka kwa unyevu, na karatasi ile, akasema, ndiyo kitu pekee chenye jina la mumewe lililoandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe.

Domitille anakaa ng'ambo ya mto Lukuga, na njia imejaa maji. Nikasema aniachie, nitamfikishia Jumatatu. Alisita sana. Akaitazama mvua, akanitazama mimi, akaitazama tena mvua. Akaniachia. Akanisihi nisiiguse.

Lakini mbona kungoja Jumatatu? Karatasi ikilala kati ya plastiki mbili, joto likapita juu, plastiki zinashikana na maji hayaingii tena milele. Atashangaa! Domitille naye atashangaa! Francine, mke wangu, anauliza kwa nini ninahitaji pasi yake ya makaa. Nimemwambia ni kazi ya biro.

Makaa yameshika vizuri.