Ndoto Mbili, Fomu Moja

Ijumaa, 4 Machi 2016

Paa! Mwezi mzima umepita na bado naisikia. Puto moja tu, jekundu, lililofungwa kwenye kiti cha mwalimu mkuu siku ya kuagwa kwetu shuleni. Mimi jukwaani, nasoma insha iliyopata zawadi: “Kwa Nini Nitakuwa Ofisa wa Jeshi”. Nimefika pale pa “siogopi kufa kwa ajili ya nchi yangu”. Paa! Nilipojitambua nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mguu wa mwalimu mkuu.

Watu walidhani ni igizo. Walipiga makofi. Baba alilia.

Sikutaka kuwa ofisa hata siku moja. Nilitaka zawadi, nayo ilikuwa tableti. Lakini Baba, karani wa mizigo pale bandari ya Hamriya huku ugenini, amekwisha kumwambia kila mtu mpaka arbab wake, yaani tajiri wake Mwarabu. Nitamwambiaje sasa?

Leo amerudi na fomu mbili kutoka ubalozi mdogo wa nchi yetu. Ya kwanza ni ya chuo cha jeshi nyumbani. Miaka mitatu kambini, kule bara kwenye baridi, na lango likishafungwa limefungwa. Ya pili ni ya chuo kikuu. Unasoma uhandisi kama watu wengine, mafunzo ya uofisa ni Jumamosi na siku za likizo, na ukihitimu nyota unavaa vilevile. Unaruhusiwa fomu moja tu. Ukipeleka mbili, zote zinatupwa. Mwisho ni Alhamisi saa sita mchana.

Naogopa zote mbili. Lakini hofu ya Jumamosi tu naweza kuibeba. Chuo cha jeshi kitaniua.

Baba anasema ofisa wa Jumamosi ni ofisa wa nusu siku. Mubin, mtoto wa ami Hashir wa ghorofa ya chini, amekwisha kujaza ya chuo cha jeshi, tena kwa wino mweusi. Ananiita Afande Puto. Amewafundisha na watoto wa jirani.

Mama ametuamua. Muna, yaani mimi, aswali istikhara, amwombe Mungu amchagulie. Baba amekubali: atakachoonyeshwa, yeye atasaini. Mama akaongeza kwamba jibu si lazima lije usingizini, huenda moyo ukaelekea tu. Bibi Khairunisa, mama yake Mama, akatuma ujumbe wa sauti kutoka Mombasa: katika ukoo wetu jibu huja kwa ndoto, na ndoto anatafsiri yeye.

Ndoto! Ndoto naweza kuitunga. Nilipata tableti kwa kutunga.

Jumamosi, 5 Machi

Sikuswali. Naandika hapa kwa sababu siwezi kuandika kwingine. Nilitandaza mswala, nikasimama, halafu nikawaza. Vipi kama nikiuliza nikajibiwa? Vipi kama jibu ni chuo cha jeshi? Asiyeuliza hajibiwi. Nikakunja mswala.

Asubuhi nikasimulia ndoto mezani. Nilikuwa kwenye bustani ya kijani kibichi, nimeshika vitabu, maji yanapita, moyo umetulia. Nilijivunia hasa yale maji. Nani asiyeona hapo chuo kikuu?

Bibi hakuona. Sauti yake ilikuwa ya dakika nne. Kijani ni sare. Vitabu ni amri za wakubwa. Bustani yenye maji ni kambi iliyopangwa vizuri. “Chuo cha jeshi, mwanangu. Mungu ameshakuonyesha.”

Baba alinibusu kipaji cha uso. Sikuweza kumaliza mandazi.

Jumapili, 6 Machi

Nimesema istikhara hurudiwa hata siku saba, na kwamba nimeota tena. Safari hii sikuacha nafasi ya kukosea. Lango jeusi la chuma. Mbwa watatu. Baridi. Mimi nalia mpaka shela imelowa. Mama alishika kifua. Nikaona nimeshinda.

Bibi: kilio cha ndotoni ni furaha ya mchana. Lango ni riziki. Mbwa ni maadui, na walikuwa watatu kwa sababu ni miaka mitatu. Akacheka kwa raha, akamtumia Baba dua.

Mubin akasema mbele ya watu wote kwamba yeye haoti kitu, akilala analala. Akanialika bustani ya Al Twar tukakimbie, nionyeshe hiyo furaha ya mchana.

Nimekubali! Wazo jipya. Baba aje aone kwa macho yake mtoto asiyeweza kuzunguka bustani mara moja. Atahurumia mapafu yangu.

Jumatatu, 7 Machi

Maangamizi.

Baba alikaa kwenye benchi na saa yake. Mubin akatangulia. Mimi nikaanza kuchechemea kama nilivyofanya mazoezi chumbani. Hatua thelathini hivi, kijibwa cheupe cha mama mmoja wa Kifilipino kikachomoka kwenye kamba. Kina ukubwa wa kiatu. Kilitaka tu kucheza, mwenyewe alipiga kelele kuniambia.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Naambiwa nilizunguka mara mbili na nusu. Naambiwa nilimpita Mubin mara mbili, na mara ya pili nilimsukuma. Baba alisoma saa, akaisoma tena. Muda wangu unatosha kufuzu mbio za kuingia jeshini. Wa Mubin hautoshi.

“Ulikuwa unatuficha, Muna!” Baba alisema. Mubin alikuwa ameinama, ameshika magoti, hana hata pumzi ya kunitukana. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilifurahi sana.

Kisha nikatapika nyuma ya mtende.

Jumanne, 8 Machi

Mpango wa tatu: kwenda kwa mtafsiri mwenyewe. Nilinunua kadi ya simu, maana simu za mtandao huku hazipiti, nikampigia Bibi peke yetu. Nikamwomba aziangalie upya zile ndoto. Pengine kijani ni kijani tu. Pengine lango ni la chuo kikuu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu, bila hasira, “Muna, mama, uliswali?”

Nikakata. Nikamtumia ujumbe kwamba kadi imekwisha.

Kadi ilikuwa na dakika thelathini na sita.

Tangu hapo simu ikilia naifunika kwa mto. Atamwambia Mama. Mama atamwambia Baba. Kumdanganya Baba ni jambo moja. Lakini nimesema Mungu ameniambia maneno ambayo hakuniambia, na nimeyasema mezani, mdomo umejaa mandazi.

Jumatano, 9 Machi

Mvua! Si manyunyu ya hapa tuliyozoea. Mchana umekuwa giza, barabara ya Al Twar imekuwa mto, magari yamezimika katikati. Na radi. Radi ya kwanza ilinikuta nimesimama sebuleni, ya pili ikanikuta chini ya meza ya chakula, fomu zote mbili kifuani.

Baba alirudi mapema, amelowa chapachapa. Akaona miguu yangu. Nilingoja anikemee. Akavua viatu, akapiga magoti, akaingia naye chini ya meza. Baba ana miaka hamsini na mbili na mgongo mbovu.

Akanisimulia jambo ambalo hata Mama halijui. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alikwenda kujiunga na jeshi. Alifika mpaka langoni, barua mkononi. Akasikia sajini akimfokea mtu ndani, akageuka, akapanda basi akarudi. Nyumbani akasema wamemkataa kwa sababu ya nyayo bapa.

“Nyayo zangu hazina kitu,” alisema, akanionyesha. Kweli hazina kitu.

Kisha akasema: “Kama unaogopa, niambie mwanangu. Tutazichana zote mbili hapa hapa, khalas, yaishe. Sitakuuliza lolote.”

Nafasi yangu ndiyo hiyo. Mlango umefunguliwa na mtu mwenyewe aliyeufunga. Nikamtazama. Macho yake mekundu. Nikawaza, ananipima. Au hanipimi, lakini nikisema ndiyo atanijua. Ulimi ukatoka wenyewe, kwa sauti ile ile ya jukwaani:

“Siogopi, Baba.”

Akanishika mkono. Tulikaa pale mpaka radi zikapungua. Kila ilipopiga, mimi na yeye tuliruka pamoja.

Alhamisi, 10 Machi

Imekwisha. Naandika nikiwa nimeshapeleka.

Alfajiri niliswali, safari hii kweli. Niliomba msamaha wa zile ndoto. Nikaomba nichaguliwe. Nikaongeza kwamba hakuna haraka. Nilipomaliza moyo ulikuwa mwepesi na umeelekea chuo kikuu, waziwazi, kama alivyosema Mama. Nikajaza fomu ya chuo kikuu. Nikamwambia Baba. Akasema sawa, akasaini, wala uso haukubadilika. Alisaini na ile ya chuo cha jeshi ikiwa tupu, eti hii ikikataliwa dirishani niwe na ya pili. Ndivyo alivyo karani.

Saa tano na nusu tulikuwa kwenye foleni ya ubalozi mdogo, viatu vina tope. Mubin alikuwa mbele yangu. Nikaona fomu yake: chuo kikuu! Ameibadilisha! Aligeuka akaniona nimeona. Akatazama yangu, akatabasamu.

“Karibu Jumamosi, Afande Puto,” alisema. “Nilijua tu hutaweza.”

Nilitoka kwenye foleni. Niliijaza ile tupu ukutani kwa kalamu ya mlinzi, nikarudi, nikaipitisha dirishani. Chuo cha jeshi. Miaka mitatu. Muhuri umepigwa, naripoti Mei.

Karani aliirudisha kidogo. Kuna kisanduku nimeruka, akasema: kama mwombaji yuko tayari kujitolea mafunzo ya kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege. Si lazima. Wengi hukiacha wazi.

Mubin alikuwa bado amesimama pale, anachungulia.

Nimeweka tiki.