Mpaka Ngumi Ifunge

Jumatatu, 2 Juni 2025. Buswelu, Mwanza.

Mwezi wa nane huu tangu nitoke Mbinga. Nilimwambia mke wangu Evelina nakwenda kubeba zege miezi mitatu tu. Mikono imenichelewesha. Asubuhi vidole vinaamka vimevimba kama tangawizi, ngumi haifungi mpaka jua liwe kali. Nyumbani kahawa imeanza kuiva na Evelina ananiita. Lakini asiyefunga ngumi hachumi kahawa, anaitazama tu. Nimeapa: sirudi mpaka ngumi ifunge. Sitaki mama mkwe animenyee ndizi mbele ya watu.

Nimetoka kliniki. Nesi Dorcas amenieleza ugonjwa wangu upya. Ni baridi yabisi, ile ambayo askari wa mwili wanaacha kupiga wadudu, wanapiga viungo vya mwenye mwili. Nikamuuliza nimewakosea nini. Akasema hawasubiri kukosewa. Kidonge changu cha kila Jumapili ndicho kinachowatuliza, nisikiache hata mara moja. Halafu nile vizuri: dona, maharage, mboga za majani, samaki, matunda. Vya kukaanga na soda nipunguze. Akamalizia kwamba mtindi nao ni mzuri, una wadudu wazuri wa kusaidia tumbo, ila hawezi kuniahidi kwamba utalegeza vidole.

Wadudu wazuri! Miezi yote hii nameza kidonge, kumbe wadudu wazuri wapo.

Nimefikiri njia nzima. Kidonge kinafanya kazi siku moja kwa wiki. Mtindi unafanya kazi kila siku. Tena kidonge kinachotuliza askari kitashindwaje kuwatuliza na wadudu wazuri? Kitawalaza wote. Kwa hiyo kidonge kitapumzika kwanza. Dorcas sikumwambia. Ana wagonjwa wengi, nisimchoshe.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza. Mtindi wa dukani asubuhi, mwingine mchana. Mchachu mno. Nimeweka sukari vijiko vinne. Nesi alitaja soda, sukari ya kijiko hakuitaja.

Bashiru, ninayelala naye chumba kimoja, ananicheka. Yeye anakula chipsi na mayai ya kukaanga, kisha anabeba mfuko wa simenti kama anabeba mtoto. Leo mbele ya mafundi wote ameniita Mzee wa Maziwa. Akauliza kama nikikua nitaanza uji.

Msimamizi wetu, fundi Alexander, bado ananionea huruma. Amenipa kazi ya kumwagilia tofali, kazi ya mgonjwa. Lakini leo amesema wazi: Jumamosi ya tarehe 21 tunamwaga zege la ghorofa. Siku hiyo watu wanapanga mstari na makarai yanapita mkono kwa mkono. Asiyeweza kupokea karai akatafute kazi ya kuhesabu mawingu. Hakunitazama. Wengine wote walinitazama.

Mtindi wa dukani hautoshi. Odeta, mama lishe wetu, anasema ule ni maji yaliyosoma shule. Kwao Magu wanagandisha maziwa kwenye kibuyu. Baba yake ana miaka themanini na bado anakamua ng'ombe kwa mikono yake. Kwa mikono! Nimemsihi. Amekubali kuniazima kibuyu cha mama yake.

Jumapili, 8 Juni

Kidonge kimepumzika. Sijasikia tofauti yoyote. Nilijua.

Odeta tunakaa naye ua mmoja, kwa hiyo kibuyu amekileta mwenyewe, amekipakata. Kimekuwa cheusi kwa miaka. Akanieleza kwamba mama yake alikipata alipoolewa. Hukisafisha kwa kijinga cha moto: unakiingiza ndani, unakisugua, unakung'uta majivu, ndipo unatia maziwa. Akasema, Baba Precious, hiki ni mama yangu, kitunze. Nikasema, dada, kwangu kitalala kitandani.

Alipoondoka nikachungulia ndani. Giza na harufu ya moshi. Moshi unaua nyuki, utaacha wadudu wazuri? Nimekisafisha kwa sabuni ya unga na mchanga, mara tatu, mpaka kikalia ukikigusa. Sasa ni safi kama sahani ya padri. Nimetia maziwa mabichi ya jirani.

Jumanne, 10 Juni

Mtindi una povu. Nikaona ni dalili nzuri, wadudu wanapumua. Nimekunywa vikombe viwili.

Mchana sikumwagilia tofali hata moja. Nilikuwa chooni. Bashiru alikuja mlangoni kuuliza kama wadudu wazuri wanatoka au wanaingia.

Odeta akaonja tone moja, akatema. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia usafi. Akasema kwao hata mtoto mchanga anajua kibuyu hakioni sabuni. Maziwa mabichi namna ile nayo hayanywewi hovyo, yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe mtindi kidogo wa mbegu. Akaninyang'anya kibuyu, akakifukiza upya alasiri nzima jikoni kwake. Jioni amekirudisha. Mara ya mwisho, amesema.

Jumapili, 15 Juni

Mtindi wa safari hii ni mtamu hata bila sukari. Mzito, una harufu ya moshi. Kidonge kimepumzika tena.

Tatizo ni kwamba kibuyu kinapungua haraka kuliko ninavyokunywa. Nikakitia alama ya chaki kwa nje. Upuuzi, maziwa yako ndani. Nikamtazama Bashiru kwa makini. Ana weupe juu ya masharubu. Nikamuuliza. Akasema ni vumbi la simenti. Leo Jumapili, simenti gani? Akakiri, tena bila aibu. Anasema tangu aanze kunisaidia kunywa, gesi imemtoka tumboni na analala kama mfalme.

Wadudu wangu wanamtibu Bashiru! Ndiyo maana vidole vyangu havijafunguka.

Kusema kweli leo vimekaza zaidi. Nadhani ni baridi ya ziwa.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi nimeshindwa kufunga kifungo cha shati. Bashiru alinifunga bila kusema neno, na hilo lilinitisha kuliko utani wake. Viganja vinawaka moto. Magoti nayo yamejiunga.

Evelina amepiga simu. Kahawa ya bondeni imeshaiva na mtoto wetu Precious anachuma kabla ya kwenda shule. Akaniuliza kama nameza dawa. Nikasema natumia tiba. Akasema hakuuliza hivyo. Mtandao ukakata. Niliukata mimi.

Nimefikiri tena na nimepata kosa liko wapi. Odeta anasema maziwa ya kwao husukwa mpaka siagi ijitenge. Mimi sijasuka hata siku moja! Wadudu wangu wamelala chini kama mashapo. Lakini kusuka kunataka mikono, na mikono ndiyo inayongoja maziwa yasukwe. Mtu mwingine angekata tamaa hapo.

Mimi nimeitazama mashine ya kuchanganya zege. Pipa lake linazunguka taratibu, halichoki, halivimbi vidole.

Jumamosi, 21 Juni

Nitaandika kifupi, mkono unauma.

Niliwahi kazini kabla ya wote. Nimefunga kibuyu nje ya pipa kwa waya wa nondo. Vidole havikukaza waya vizuri, nikaona inatosha. Mashine ikawashwa. Kibuyu kikapanda, kikashuka, kikapanda. Nilisikia maziwa yakisema chubwi, chubwi. Bashiru akaja, akatazama, akavua kofia. Akasema, kaka, wewe ungekuwa na akili ungekuwa hatari.

Fundi Alexander alikuwa juu anakagua nondo. Mstari ukapangwa, nami nikajipanga katikati, nikiwa nimepania. Karai la kwanza nilipokea juu ya mikono badala ya viganjani, kama mtu anayebeba maiti ya kuku. La pili vilevile. La tatu nikalisikia linaondoka. Likamwangukia Bashiru mguuni. Wakati huohuo waya nao ukaachia.

Kibuyu kilipaa, kikagonga mdomo wa pipa, kikapasuka. Mtindi wote ukaingia kwenye zege. Pipa likaendelea kuzunguka, halikujali. Likatoka zege jeupe, lenye harufu ya Magu.

Nilipiga magoti kuokota vipande, mikono imelowa mtindi na simenti mpaka viwiko. Alexander akashuka. Akauliza ni nini hiki. Mtu mmoja akajibu, siagi, fundi. Zege lile likamwagwa shimoni. Alexander hakupiga kelele. Alisema nikae nyumbani mpaka nitakapoweza kushika karai kama mtu mzima, na nisije na chombo chochote.

Odeta alikusanya vipande kwenye kanga yake. Hakunitazama. Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 23 Juni

Odeta amenipeleka kliniki yeye mwenyewe, kama mtu anayepeleka mwizi kituoni. Akamweleza Dorcas kila kitu: sabuni, mashine, zege. Dorcas aliposikia kidonge kimepumzika akaacha kuandika. Akaniuliza ni nani alisema mtindi ni badala ya dawa. Nikasema ni yeye. Akasema, Elias, mimi nilisema chakula ni msaidizi. Saidia fundi akibaki peke yake kazini, nyumba inajengwa? Nikasema inategemea saidia fundi. Odeta akanikanyaga mguu.

Wakapima damu. Dorcas akanipa maelekezo ya kuanza dawa tena, siku ileile ya Jumapili, na akamtaka Odeta ashuhudie ninavyomeza. Mtindi ninaweza kuendelea nao, kikombe kimoja, bila sukari. Simenti nisinywe.

Nje ya geti Odeta akanisomea hukumu yake. Kibuyu cha mama yake hakilipwi. Kwa hiyo nitafanya kazi jikoni kwake mpaka mikono ipone. Nitachambua maharage, nitachambua mchicha, nitakula atakachonipakulia, na Jumapili nitameza kidonge akitazama koo langu. Nikamuuliza kama chipsi zimo. Akasema chipsi ni za Bashiru.

Jumapili, 29 Juni

Nimemeza. Alinifanya nifungue mdomo na kuinua ulimi, kama ng'ombe sokoni. Wateja walikuwa wanatazama.

Wiki nzima dona, dagaa, maharage, matembele, papai. Mtindi kikombe kimoja kutoka kwenye sufuria, kwa maana vibuyu mimi sivigusi tena. Mchicha wa kwanza nilichukua asubuhi nzima kuuchambua. Odeta alipita akasema kwao kuna kobe wepesi.

Jumapili, 13 Julai

Nimemeza. Vidole vimepungua. Kifungo cha juu nimefunga mwenyewe, cha chini pia. Bashiru amesema sasa amekosa kazi.

Jumapili, 20 Julai

Ngumi imefunga.

Nimeamka alfajiri, nikaijaribu chini ya shuka, zikafunga zote mbili, kulia na kushoto. Nilikaa kitandani nikiifunga na kuifungua. Bashiru akasema kama nataka kupigana nisubiri anywe chai. Jana Alexander alinijaribu kwa karai lililojaa. Nilipokea, nikapitisha, nikapokea. Akasema, haya, rudi mstarini.

Nimempigia Evelina. Alilia kidogo, kisha akauliza ni nini kimesaidia. Akasema ni dawa, si ndiyo?

Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu liko wazi. Dawa nilikuwa nayo tangu mwanzo, mbona haikufunga ngumi? Dona na dagaa nilikula na zamani. Kitu kipya ni kimoja tu: ile Jumamosi nilipolowa mtindi uliosukwa na mashine, uliochanganyika na simenti, mpaka viwiko. Na viwiko ndivyo vilivyopona kwanza! Mtindi si wa kunywa. Ni wa kupaka.

Odeta amekwenda Magu tangu jana kumpelekea mama yake vipande na kuomba kibuyu kingine. Hakuna wa kuchungulia koo langu. Kidonge cha leo kiko mezani. Kimefanya kazi nzuri ya kusindikiza, kipumzike.

Bashiru ameniazima karai bovu. Nimechanganya mtindi na simenti kidogo, na mikono imo ndani tangu saa tatu. Inawasha. Hiyo ni dalili nzuri. Nimeandika haya kwa kidole kimoja kilichobaki nje.

Evelina anitarajie Mbinga Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, kahawa ya juu ya mlima ikiwa bado mitini. Nitashuka na mikono miwili. Nusu mfuko wa simenti ninauleta mimi, yeye atafute ng'ombe.