Binti Yangu Mwenye Afya Tele

Jumatatu, 4 Machi

Zahanati inatafuta watoto wenye afya kwa utafiti wa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Jirani yangu, fundi cherehani, kapeleka watoto wake pacha wakakubaliwa. Tangu asubuhi anatembea kifua mbele kana kwamba chanjo kaitengeneza yeye. Wateja ninaowanyoa wananiulizia habari zake, mashine i kichwani mwao! Haiwezekani. Nami nina binti, miaka tisa, tunamwita Wakili kwa maswali yake. Kesho atakubaliwa na yeye.

Wakili kasema atakwenda, ila si kwa ajili ya fundi. Mwenzake wa dawati moja aliugua ugonjwa huo mwaka jana, akarudi darasani hasikii. Hataki mwingine apatwe. Mtoto mdogo hivi, na kanizidi utu.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Wakili kaamka na mafua, mwili wa moto. Mama yake akasema tusubiri apone. Nisubiri vipi, na fundi keshatundika picha ya pacha dukani? Nikatumia akili. Chupa ya maji kutoka kwenye friza, chini ya kwapa la mtoto, njia nzima. Mlangoni nikaichomoa.

Nesi akapima joto kwapani. Akakitazama kipimo, akapima tena. Akauliza kama mtoto ametoka kwenye friji. Nikacheka, peke yangu.

Daktari akamgeukia Wakili mwenyewe, maana watoto wa umri wake nao huulizwa kama wanataka. Wakili akajibu kwamba anataka sana, ila leo ana homa, na baba kamwekea chupa ya baridi. Wapime kwapa la pili. Wakapima. Homa tupu!

Nilitamani ardhi inimeze. Daktari hakufoka. Alieleza kwamba mtoto akichanjwa na homa, hali ikibadilika hawatajua sababu, na atakayeumia ni yeye. Kisha akampa Wakili mkono, akamshukuru kwa kusema kweli. Mimi hakunipa hata kidole. Niliona haya. Nikaona na fahari, siwezi kuficha.

Alhamisi, 14 Machi

Kapona! Kapimwa kila kitu, kakubaliwa! Kwanza aliuliza kama anaweza kujitoa katikati. Wakamwambia siku yoyote, na hakuna atakayemkasirikia. Akauliza kama atachomwa chanjo mpya au ile ya zamani. Wakamwambia hata nesi hajui, watajua utafiti ukiisha. Akafikiri, akakunja mkono wa shati. Fundi hakuuliza hata moja. Wala mimi.

Sindano ilipotoka, nikatafuta ukuta. Nikazinduka sakafuni, Wakili ananipepea kwa kadi yake ya kliniki.

"Pole, baba. Imeshaisha."

Aliyechomwa ni yeye! Nampenda mtoto huyu, na sijui ujasiri huo kautoa wapi. Kwangu haukutoka. Nimemwahidi ujanja basi.

Ijumaa, 15 Machi

Tangazo jipya zahanati. Sasa wanatafuta watu wazima wenye afya kwa utafiti mwingine. Fundi anasema atajiandikisha. Mimi nina presha, mama Wakili kanikumbusha mara mbili. Lakini presha si damu kuchemka tu?

Nimeweka chupa mbili kwenye friza. Moja kila kwapa, safari hii. Wakili asijue.