Shujaa wa Mirihi Kwenye Jivu la Mama

Jumatano, 23 Julai 1969
Watu wametembea mwezini na Mwalimu Nyasani hajalala tangu siku hiyo. Chama chetu cha sayansi kitaunda mchezo wa ubao, wa dadu: safari ya Mirihi. Anatakiwa shujaa wa huko, mlinzi wa lango. Kila mmoja achonge wake kwa jiwe laini la kutoka machimbo ya Tabaka, mwisho Jumatatu. Atakayeshinda ataupeleka mchezo Kisii mjini, mbele ya shule zote. Mimi hata ruhusa ya kwenda msalani huomba kwa kidole. Lakini shujaa wangu atasema kwa niaba yangu. Lazima niende!

Alhamisi, 24 Julai
Mchoro tayari. Jicho moja, mikono minne, pembe mbili za kunasia redio. Ratemo aliuchungulia, akalitangazia darasa kwamba mimi, Ombati, nimechora kuku aliyenyeshewa. Wake ni kiazi chenye meno. Ameshaanza kuaga watu!

Ijumaa, 25 Julai
Jiwe lililowa usiku kucha. Likilowa hukatika kama sabuni. Mikono mitatu imetoka. Jua likazama. Sabato! Baba ni mzee wa kanisa. Kwetu hata kisu cha viazi hupumzika. Jumapili ni kuchuma chai kutwa. Mkono wa nne lini?

Sabato, 26 Julai
Nilisema tumbo linaniuma. Wakaenda kanisani. Nikachonga. Mkono wa nne, mzuri kuliko yote! Mara sauti ya Baba njiani, na wageni. Nikamfukia shujaa kwenye jivu la mafiga, bado anatiririka maji. Maficho salama kabisa: Sabato hatuwashi moto mpaka jua lizame. Ningemtoa mapema.

Wageni hawakuondoka. Wakati wa maombi ya kufunga Sabato mmoja aliombea mpaka ndama wa jirani. Amina, na Mama tayari ana kiberiti. Nikasema nitawasha mimi. Akasema mgonjwa aketi. Nikasema maji baridi ni mazuri kwa wageni. Wakacheka. Nikisema kweli, nimechonga siku ya Bwana katika nyumba ya mzee wa kanisa. Nikinyamaza, anaungua. Nikaketi. Moto ukashika. Nikahesabu mpaka mia mbili na kumi.

Paa! Jiwe lenye maji likalipuka. Sufuria ikaruka, chai mpaka kwenye kofia ya mgeni. Mama akalia kwamba figa lake limepasuka. Baba akasema ni onyo, ila hakujua linamhusu nani. Dada yangu Bonareri akaokota mkono mdogo wa jiwe, akaufumbata. Akaninong'oneza bei ya siri: nimkatie majani ya ng'ombe, wiki mbili, kila jioni. Nimekubali.

Jumatatu, 28 Julai
Nilipeleka kilichobaki. Kiwiliwili cheusi, mkono mmoja, ufa katikati ya jicho. Ratemo akauliza kama kuku ameiva. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamgeuza shujaa polepole. Akamgeuza tena. Akasema huyu ndiye aliyetoka angani kweli, ameungua akishuka! Akauliza nimefanyaje. Nikajibu, kwa sauti, kwamba ni ufundi wangu wa siri.

Ninaenda Kisii! Ila anataka walinzi sita zaidi, weusi vilevile, Jumatatu ijayo.

Nimepanga. Jioni zote ni majani ya ng'ombe. Jumapili ni chai. Imebaki Sabato tu. Mama ameshapata figa jipya, imara. Mawe sita yako kwenye maji. Na tumbo, nahisi, limeanza kuniuma kidogo.