Firigisi Mbili za Noeli

Jumanne, 20 Desemba 1960
“Papa, mimi pia ni mwenye nyumba sasa, kwa hiyo firigisi ya Noeli ni yangu.” Ndivyo anavyoandika mwanangu Liévin kutoka Kambove. Hoja mbovu. Mwenye nyumba ni mwenye nyumba kwake. Kwangu, hapa Katuba, ni mgeni. Firigisi ya kuku hupewa baba wa nyumba. Ndivyo alivyokula marehemu baba yangu kule Kasai, ndivyo ninavyokula mimi.

Siku ya Pasaka Liévin aliondoka kwa jambo hilihili, ugali wake, bukari, ukiwa bado nusu sahani. Angélique, mke wangu, amenionya: akiondoka hivyo tena, harudi. Najua. Tangu Pasaka sijalala vizuri. Lakini ukweli ni ukweli. Nimeanza hotuba. Kurasa tatu.

Alhamisi, 22 Desemba
Wamefika, yeye na mkewe Edith. Askari wa kizuizi cha barabarani walipekua hata kikapu cha jogoo wao. Jogoo mkubwa kuliko wangu.

Edith alipiga magoti kunisalimu. Nilimuuliza kama kwao Kongolo firigisi ni ya baba. Akasema ndiyo, na kwake Kambove ni ya Liévin. Msichana mwenye akili. Bahati mbaya yuko upande ule.

Liévin akasema Katanga yenyewe imejitenga na nchi, naye amejitenga, pamoja na firigisi yake. Sikucheka. Nilikwenda kucheka uani.

Ijumaa, 23 Desemba
Mpango: jogoo wa Liévin awekwe hadi Mwaka Mpya. Kuku mmoja, firigisi moja, baba mmoja. Nikamweleza Angélique. Akasema jogoo alichinjwa asubuhi, nilipokuwa ukurasa wa tano.

“Firigisi iko mbili, papa iko babili,” akasema. “Shida iko wapi?”

Nikamwambia nyumba haiwezi kuwa na serikali mbili. Akaniuliza nchi hii sasa ina ngapi. Nikarudi kwenye hotuba.

Jumamosi, 24 Desemba
Mpango bora. Kesho firigisi zote mbili zitafunikwa kwenye bakuli, na bakuli litalindwa na mama yangu, Mama Ngalula, mpaka nimalize kusoma. Liévin akishasikia hoja zangu, atanikabidhi yake mwenyewe. Kwetu mwanamke hali firigisi. Hakuna mlinzi salama zaidi.

Mama alikubali upesi. Utii wa wazee wa zamani!

Jumapili, 25 Desemba
Baada ya misa, mezani. Nikasimama na kurasa kumi na moja. Kwenye ukurasa wa pili, palipoandikwa “vijana wa leo,” Liévin akainuka. Akamwambia Edith achukue mfuko. Angélique akaweka kijiko chini, asinitazame. Nilipaswa kukaa. Nilifungua ukurasa wa tatu.

Liévin akafika mlangoni. Hapo nikaweka kurasa chini. Nikamwambia Mama afunue bakuli, mtoto achukue yake, mradi akae.

Bakuli tupu.

Mama akasema amepika kuku tangu alipokuwa msichana: wa baba yake, wa mume wake, wangu. Hajaonja firigisi hata siku moja. Alitaka kujua, kabla hajafa, ni kitu gani hiki tunachogombania.

Liévin akamwuliza bibi yake, “Na iko muzuri, Kaku?”

“Iko ngumu,” akasema Mama. “Mbili zote.”

Liévin alianza kucheka. Akacheka mpaka akashika mlango. Nami nikashindwa kujizuia. Akarudi, akakaa, akaniwekea paja la jogoo wake kwa mikono miwili. Edith akaweka mfuko chini ya kiti.

Angélique alikula vizuri. Mimi pia.

Jumatatu, 26 Desemba
Mtu mwepesi angesema mambo yamekwisha. Lakini asubuhi hii Liévin ametangaza kwamba Kaku ndiye aliyetuzaa sote, basi kuanzia sasa firigisi ni yake. Mama hakupinga. Hoja mbovu kuliko ya kwanza. Nimeshajaza kurasa nne za kuijibu.

Basi la Kambove linaondoka saa sita. Mfuko wao uko tayari mlangoni, na daftari hili naliacha wazi mezani, pembeni ya chai yao. Liévin, Edith: msipande basi hilo. Kaeni mpaka Mwaka Mpya. Bado nina kuku mmoja uani, na mnisikilize mpaka ukurasa wa mwisho.