Tangi la Tatu

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ya ukungu. Kutoka ofisini sizioni hata pampu.

Fomu mpya ya wizara: kila kituo cha mafuta kiandike kila asubuhi lita zilizomo katika kila tangi. Mistari ipo mitatu. Matangi yetu ni mawili. Mstari wa tatu nimeuacha wazi. Fomu imerudishwa kabla ya saa sita: haijakamilika! Meneja amesema ikirudi tena tutafungiwa kituo, na wa kwanza kukosa kazi ni karani wa fomu, yaani mimi. Rula, mpimaji wetu asiyeachana na fimbo yake ya kupimia, amenishauri niandike sufuri. Rula anishauri mimi! Nimeandika lita 4,000. Imepokelewa.

Jumanne, 4 Machi. Ukungu.

Nimeandika 3,800. Tangi lisilopungua lingetiliwa shaka. Nimejipongeza kwa chai ya pili.

Jumatano, 5 Machi. Ukungu, na baridi.

Nimeandika 3,600. Afisa wa wizara amepiga simu. Mpole mno. Tangi la tatu halina pampu, sasa nani anachota? Nimesema linakauka kwa jua. Amesema mkaguzi anakuja kesho.

Alhamisi, 6 Machi. Ukungu mzito zaidi.

Nimeandika 3,400. Nilipanga kumwambia mkaguzi kwamba tangi limefunikwa kwa saruji. Hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya ghala, akafuta vumbi kwa kiatu. Mfuniko! Miaka sita napita pale, hapakuwa na mfuniko. Rula alipima. Lita 3,400 kamili. Fimbo ilitoka imelowa, haina harufu ya petroli wala ya kitu chochote. Mkaguzi amenisifu kwa umakini. Rula amenivuta pembeni: “Dada, futa huo mstari. Kuna mtu anakohoa huko chini.” Wivu tu.

Ijumaa, 7 Machi. Ukungu.

Fomu ina kisanduku kipya: jina la mhudumu wa tangi la tatu. Nimebuni jina zuri, nikamtilia na sahihi. Saa nane meneja akaja juu: mbona sikumwarifu kuhusu mtu mpya? Eti mtu huyo amesimama nyuma ya ghala tangu asubuhi, sare inachuruzika maji, haitikii salamu, ananiulizia mimi tu. Rula ameacha kazi, hata fimbo hakuichukua. Afadhali! Nimemwandika huyo mpya kuwa mpimaji wa matangi yote. Fomu imeuliza anaishi wapi. Kwa haraka nimejaza anwani yangu. Imepokelewa!

Taa ya nje nimeiacha inawaka, asije akajikwaa. Nalala saa tatu na robo.