Nukta Nyekundu kwenye Koki ya Gesi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Karakana inavuja palepale ninapokaa mimi, kama kawaida.

Leo Baba Mkwe, Mzee wa karakana yetu ya vioo, katangaza. Daktari wa macho kamwambia hakuna la kufanya tena. Miaka arobaini ya kuutazama moto wa kioo imemla macho: la kushoto limekwisha, la kulia linaona vivuli tu. Jumamosi ni siku yake ya mwisho kazini. Alisema hivyo huku akifuta miwani yake kwa ncha ya shati, kana kwamba tatizo ni uchafu. Shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, alilia. Mimi niliinamisha kichwa kwa heshima na kukitazama kiti cha Mzee.

Kiti cha dirishani! Na mbele yake kile kichomeo: koki ya gesi kushoto, koki ya hewa kulia. Unazungusha utakavyo, moto unakuwa mwembamba kama sindano au mpana kama kiganja. Mimi miaka kumi na mmoja nimekaa mbele ya kichomeo cha pembeni chenye koki moja. Moto upo au haupo, basi. Kwa moto huo nimeziba ncha za mirija ya maabara, maelfu kwa maelfu. Nikifa waandike kaburini: Aliziba.

Kiti atapewa atakayetengeneza vizuri zaidi, Jumamosi mbele ya Mzee, mrija ndani ya mrija, ule wanaopozea mvuke chuoni. Tunaoshindana ni wawili. Mimi, na Shemeji, aliyeanza kazi hii miaka mitatu tu iliyopita na tayari anapuliza chupa za shingo mbili huku akiimba. Atakayeshindwa atabaki na koki moja mpaka azeeke.

Nilimuuliza mke wangu anadhani nani atashinda. Akasema chakula kinapoa.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua! Shemeji si hodari hata kidogo. Anajua tu koki zikae wapi.

Siku hizi Mzee humwachia kile kichomeo. Nimeshinda nyuma ya mgongo wake nikijifanya nafagia vipande vya vioo. Gesi robo tatu, hewa nusu. Walipotoka kula nikatoa mfukoni rangi ya kucha niliyoitwaa asubuhi mkobani mwa mke wangu, nyekundu, nikapiga mstari kwenye kila koki na mwingine kwenye shingo yake. Sasa kipaji chake chote kimeandikwa kwenye chuma. Kilichobaki ni kuzungusha.

Mzee aliporudi alinusa, akauliza kama tumepata bibi harusi humu ndani. Pua yake bado nzima. Ningependa kuandika kwamba nafurahi.

Jumatano, 5 Machi

Sina nyusi.

Asubuhi Mleta Gesi alikuja na mtungi mpya. Nilimsaidia kuuingiza, nikamshukuru hata. Saa ya chakula nikakaa kwenye kiti, peke yangu, mara ya kwanza katika maisha yangu. Kinatulia vizuri. Nikazungusha koki mpaka kwenye mistari, sawasawa kabisa. Nikawasha. Moto ulitoka kama mbwa aliyekata mnyororo. Mrija wangu uliinama kama mfiwa, kisha ukaanguka mezani. Nyusi zikaondoka papo hapo.

Kwa kuchanganyikiwa nikauokota ule mrija kwa mkono. Kioo cha moto na kioo baridi havina tofauti kwa macho. Kila fundi hujifunza hilo wiki yake ya kwanza. Mimi nimejifunza leo kwa mara ya tisa.

Mleta Gesi alikuwa amesahau kofia yake, akarudi na kunikuta nimeloweka mkono kwenye ndoo. Alicheka kwanza, ndipo akanieleza: mtungi wa jana ulikuwa umefika mwisho, ndiyo maana Shemeji alifungua koki sana apate moto kidogo. Mtungi ukijaa, koki ileile ni balaa. Kila anayefanya kazi na gesi analijua hilo, akasema. Nikamwambia najua, nilikuwa napima tu.

Mke wangu amenichorea nyusi kwa wanja. Moja iko juu kuliko mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Basi mimi si mshindani.

Nimeanza upya, kwa mtungi mpya, na kwa akili zaidi. Mistari ilikuwa ya kijinga. Sasa nimeweka nukta. Moja ni moto laini wa kupashia, mbili ni moto wa kuunganishia, tatu ni sindano. Nimemvizia Shemeji kutwa nzima na kuweka kila nukta mahali pake alipotoka kwenda kunawa. Rangi ilikuwa imeganda kwa sababu nilisahau kuifunga, kwa hiyo nukta zimevimba kama chunjua. Si kitu. Jumamosi nitatetemeka, na nukta nono huonekana vizuri. Sijazijaribu. Sina nyusi za akiba.

Shemeji aliziona. Akaziangalia, akaniangalia usoni, akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema ya yote. Hayo ni maneno ya mtu anayejiona ameshashinda!

Jioni Mzee alimwomba amwashie moto ausikilize tu. Akakaa amefumba macho. Alisema moto wa kioo ukikaa sawa haungurumi, unapumua. Akasema mengine pia, lakini mimi nilikuwa nakariri nukta. Alipomaliza alibaki pale muda mrefu na mikono yake mapajani, mikubwa, haina la kufanya. Sikupenda kuitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Niliwahi kazini nifanye mazoezi. Mzee alikuwa ameniwahi.

Alikaa kitini pake, aproni kifuani, uso ameuelekeza dirishani. Moto ulikuwa umewaka, mwembamba, wa buluu, mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Vidole vyake vilikuwa juu ya koki, vinahesabu: moja, mbili, tatu. Vinarudi: mbili. Mkono mwingine unazungusha mrija. Anafanya kazi! Bila kuona! Na machozi yanamtiririka, hata hayafuti.

Nikarudi kinyumenyume nitoroke. Nikapiga teke ndoo inayokinga maji yanayovujia kiti changu.

Akauliza ni nani, na ni nani aliyeweka hizi nukta. Shemeji naye akaingia, akasema si yeye. Rangi ilikuwa bado imenikaa chini ya kucha. Nikakiri, tayari kufukuzwa.

Mzee alisimama, akanitafuta kwa mikono, akanishika kichwa. Mkwe hashikwi hivyo! Miaka kumi na mmoja tumesalimiana kwa mbali kama inavyopasa. Alisema kila mtu anamhurumia, huyu anamwambia apumzike, yule anamletea chai, na ni mimi peke yangu niliyefikiria namna ya yeye kuendelea kufanya kazi. Alisema nimempa macho ya vidole. Aliniita mwanangu. Akanipapasa uso mpaka kwenye nyusi, akauliza zimekwenda wapi. Shemeji akamjibu kwamba ziliungua nikiijaribu kazi hiyo.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu. Kwa muda wa kupoa mrija mmoja hivi, nilitaka kusema ukweli wote. Kisha nikafikiri: mtu aliyeitwa mwanangu hawezi kunyimwa kiti.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuna shindano.

Mzee haachi kazi. Kwa nini aache, amesema, na mkwe wake amemrudishia mikono? Atakaa dirishani mpaka nguvu zimwishie. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi changu nimekichimba kwa rangi ya kucha.

Shemeji, aliyekosa kiti kilekile, alipiga vigelegele na kunikumbatia. Sijui mwanamke huyu ana kasoro gani.

Nyumbani mke wangu aliniwekea pande kubwa la nyama. Akasema kuhusu rangi yake alijua tangu Jumanne, alikuwa anangoja aone aibu gani nitaleta safari hii. Kisha akaweka mkono wake juu ya ule wangu ulioungua. Miaka mingi hajanitazama vile. Nilikula kwa huzuni.

Na bado! Mzee anasema mtungi unashuka kila siku, hivyo nukta za leo si za kesho. Kwa hiyo kila asubuhi, saa nzima kabla ya wengine, niwe karakana. Yeye atauweka moto sawa kwa kusikiliza, mimi nizipake nukta upya. Na tukiwa hapo atanifundisha kuusikia moto, jambo ambalo hajawahi kumfundisha mtu, hata binti yake. Shemeji alijifunza mwenyewe kwa kutega sikio. Adhabu juu ya adhabu.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua tena. Nimefika kwanza, nimelowa.

Mzee aliweka mkono wake juu ya wangu, wangu juu ya koki, tukazungusha taratibu. Hapa gesi imezidi, alisema, sikia sauti inavyokwaruza. Hapa hewa imezidi, inapiga mluzi. Na hapa, hapa inapumua. Tena. Tena. Kwa saa nzima! Alisema jicho la kulia nalo limeanza kuaga, leo hakukiona hata kivuli changu mlangoni. Alisema hilo likishakwenda kabisa, na yeye akichoka, anataka kiti hiki kiwe na mtu anayesikia. Sauti yake ilishuka kidogo hapo. Nikachovya brashi, nikapaka nukta.

Ni maneno mengi mno kwa mtu anayejaribu kufikiri. Na nina la kufikiria. Shemeji ana siri yake kwenye kile kichomeo na hataki kuitoa. Leo aliniuliza, wivu umemjaa usoni, Mzee amenifundisha nini. Nikamwambia hakuna la maana. Mpango mpya ninao karibu wote, ila kila nikikaribia kuukamilisha, Mzee ananiambia nisikilize.

Kesho nitaziba masikio kwa pamba. Ipo kwenye mkoba wa mke wangu, palepale nilipoitoa ile rangi.